Jina la Arobaini na Moja

Ukitaka kumuudhi Nukta, mpe barua yenye kosa halafu umwambie, "Si kitu, watu wataelewa." Weee! Atakutazama juu ya miwani mpaka ujione huna nguo. Jina hilo alipewa ofisini, makao makuu ya magereza ya mkoa, alikokuwa mpiga chapa kwa miaka ishirini na tisa, baada ya kumrudishia bosi wake barua mara tatu kwa ajili ya nukta moja iliyokosekana mwishoni. Bosi alinung'unika, akaiweka, na kuanzia siku ile jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye hati ya mshahara tu. Hata mama yake mzazi alimwita Nukta, tena kwa majivuno.

Siku hizi amestaafu, na kila uchaguzi wa rais unapokaribia huzima redio. Majirani wanashangaa, maana huyu ndiye aliyekuwa akiwaeleza kura zinahesabiwaje na rais ana mamlaka gani, mpaka wakawa wanamtania kwamba akigombea yeye watampa. Wanadhani ni uzee umemchosha. Si uzee. Ni majuto, na si yale majuto ya juujuu ya mtu anayesema "laiti ningejua" halafu akaendelea na chai yake. Ya Nukta yana tarehe, yana saa, na yana sahihi yake mwenyewe chini.

Tuanze na kazi yake, ili usipotee. Katika katiba ya nchi ile kuna kifungu kinachosema rais anaweza kumsamehe mtu aliyehukumiwa, akamfungulia mlango kabla kifungo hakijaisha. Kila mwaka, mwezi wa kumi na mmoja, magereza sita ya mkoa yalileta majina ya wafungwa waliopendekezwa. Jina halikuokotwa njiani. Kila gereza lilikuwa na kamati yake: mkuu wa gereza, daktari na ofisa wa ustawi. Walitazama kama mtu amemaliza theluthi ya kifungo, kama kosa lake si kuua kwa makusudi wala ujambazi, na kama tabia yake mle ndani inaridhisha. Majina yalifika yameandikwa kwa mkono, mengine kwa penseli, na Nukta aliyapiga chapa katika orodha moja, nakala tatu, bila mkwaruzo. Orodha ilikwenda kwa bodi katika mji mkuu, bodi ikaipeleka Ikulu, rais akatia sahihi. Kalamu moja tu, na watu mia tatu wanarudi kwao.

Nje ya uzio wa ofisi aliketi fundi viatu, mzee mwenye ulimi wa wembe, aliyeamini kwamba rais anaweza lolote. Mchana mmoja Nukta alimpelekea kiatu kilichobanduka soli, akasimama kwa mguu mmoja na kumsomesha.

"Hawezi lolote, fundi. Sheria inatungwa na bunge, yeye anatia sahihi au anairudisha. Fedha za serikali lazima aziombe bungeni. Anateua mawaziri, anateua majaji, lakini jaji akishaapa hamwondoi hivihivi kama dereva wake. Jeshi liko chini yake, ndiyo, lakini hatangazi vita kama anatangaza mnada."

"Sasa huyo rais gani? Kila kitu mpaka aombe ruhusa!"

"Kipo asichoombea ruhusa. Kusamehe. Bodi inamshauri tu. Pale ni yeye na kalamu yake."

"Basi hicho ndicho cheo," fundi akasema, misumari imebanwa kati ya midomo. "Vingine vyote ni kazi."

Sasa, Nukta alikuwa na mdogo wake, mwanamume pekee kwa mama yao na wa mwisho kuzaliwa. Alikuwa dereva wa lori. Siku moja aliondoka na gari huku akijua breki zinalegalega, kwa kuwa tajiri yake alimwambia mzigo unaoza, na kwenye mteremko wa soko aliwagonga watu wawili waliokuwa wakivuka. Walikufa palepale. Hakukimbia, hakukana. Mahakamani alisema, "Nilijua breki ni mbovu," na hakimu akampa miaka saba.

Mama yao alikuwa anaumwa moyo, miguu imevimba, ngazi mbili za nyumba tu zilimhangaisha. Aliishi na Nukta katika nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha tatu kilikuwa cha kijana. Kila Jumamosi bibi yule alibadilisha shuka za kitanda ambacho hakikulaliwa na mtu. Alitandika polepole, akikaa kupumua kila pembe ya godoro, na ole wako ujitie kumsaidia. "Nataka nimwone anaingia mlangoni," alisema. "Sitaki mengi. Nimwone tu anaingia, basi, nyinyi mtanizika mkipenda."

Na kiti alichokalia Nukta ofisini kilikuwa na historia yake. Karani aliyekitumia kabla yake alichomeka jina la shemeji yake kwenye orodha ya msamaha, shemeji ambaye hata theluthi alikuwa hajaifikia. Jambo likagundulika. Karani akatolewa mchana kweupe, akapita korido nzima amebeba boksi la vitu vyake, wenzake wamejipanga milangoni kama wanatazama harusi. Nukta, wakati huo binti mdogo wa kupanga mafaili, alikuwa mmoja wa waliosimama mlangoni. Alipopewa kiti kile aliapa moyoni kwamba yeye hawatamwona na boksi.

Ikaja orodha ya mwisho ya rais wa zamani. Alikuwa amemaliza vipindi viwili na katiba haikumruhusu cha tatu. Uchaguzi ulibakiza miezi minne. Jumanne asubuhi Nukta alikuwa anapiga chapa majina ya gereza la mbali, lile la saa tatu kwa basi. Akafika namba arobaini na moja.

Alikuwa mdogo wake. Miaka mitatu gerezani, kosa la barabarani, tabia nzuri sana, anafundisha wenzake kusoma. Kamati nzima imetia sahihi. Nukta hakuwa amemwomba mtu yeyote, hakupiga simu, hakuandika barua. Alichukua karatasi ile akaenda nayo kwa mkuu wa ofisi.

"Mkuu, hapa kuna ndugu yangu."

Mkuu wa ofisi alikuwa mtu mnene, mpole, anayehesabu siku zake za kustaafu. Akaisoma karatasi kwa kidole.

"Namba arobaini na moja. Haya. Theluthi kamaliza? Kamaliza. Daktari kasaini? Kasaini. Sasa tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni mimi. Orodha imepita mkononi mwangu."

"Orodha zote zinapita mkononi mwako, mama. Jina hili hukulileta wewe, limekuja kwa miguu yake."

"Watu watasema, Mkuu."

"Watu watasema hata ukikohoa. Kapige chapa."

Akarudi kwenye kiti chake. Angepiga chapa mstari ule mmoja, mambo yangeishia hapo, na wewe usingesoma habari zake. Lakini alikaa akiutazama mlango, na akili yake ikaenda kwenye boksi. Aliwaona wenzake wamesimama. Aliwasikia: "Kumbe na yeye! Nukta naye!" Saa nane mchana alirudi kwa Mkuu na karatasi nyingine, imepigwa chapa vizuri kabisa: anaomba namba 41 iondolewe, kwa kuwa mhusika ni ndugu wa damu wa mpiga chapa, na iingizwe katika orodha ya mwakani, ambayo ipigwe chapa na ofisi nyingine. Chini, sahihi yake.

Mkuu akavua miwani. "Nukta, mwakani kuna rais mwingine."

"Rais anaondoka, ofisi ya rais inabaki. Kifungu ni kilekile."

"Na mama yako? Si ulisema hali yake si nzuri?"

"Mama amengoja miaka mitatu. Mmoja ataumudu."

Mkuu akatia sahihi na kugonga mhuri. "Wewe ni mtu safi," alisema, lakini hakusema kama anayesifu.

Mtu safi, jamani! Tuambiane ukweli hapa. Usafi gani huo wa kumwosha mwenzio kwa maji ya moto? Nukta mwenyewe alirudi nyumbani siku ile anatembea wima, roho imetulia, anajiona amefanya jambo ambalo wachache wangeliweza. Hilo ndilo linalomchoma zaidi mpaka leo. Jioni ile alikuwa na furaha.

Asichokijua ni kwamba gerezani habari zilikuwa zimeshasambaa. Ofisa wa ustawi alikuwa amemnong'oneza kijana kwamba jina lake limepita kamati, na kijana akamtumia mama salamu kwa mtu aliyekwenda kumtembelea mfungwa mwingine. Nukta aliporudi kutoka kazini siku moja wiki iliyofuata alimkuta mama yake amefua mapazia.

"Umesikia?" bibi akamwambia, macho yanang'aa. "Jina lake limepita! Na wewe mwanangu umenyamaza tu, unataka kunishtukiza!"

Hapo ndipo angesema. Alifungua mdomo, wallahi alifungua, kikatoka kitu kingine: "Bado ni mapendekezo, mama. Tungoje sahihi."

Sahihi ilitoka. Siku ya kutolewa wafungwa redio ilitangaza idadi tu. Mama alivaa gauni lake la kijani, akabebewa kiti mpaka kibarazani, akakaa kuanzia saa mbili asubuhi. Kila pikipiki ilipokata kona alinyanyua shingo. Chakula cha mchana hakukigusa. Giza lilipoanza kuingia alisema, "Labda wamemchelewesha na makaratasi," na siku ya tatu alisema, "Nukta, wewe uko ofisini kule. Limepotelea wapi jina la mwanangu?"

"Sijui, mama. Huko juu."

"Rais kalifuta?"

"Sijui, mama."

"Basi kalifuta," bibi akasema, akaingia ndani akiegemea ukuta. Kuanzia siku hiyo alikuwa na ugomvi na rais wa zamani, akimsema peke yake jikoni kama mtu anayemsema jirani. Nukta alisikia kila neno. Alijiambia: mwakani. Mwakani nitamwambia wakati kijana amekaa hapo, na tutacheka wote.

Kampeni zikaanza. Wagombea saba, mabango yamebandikwa juu ya mabango mpaka ukuta wa soko ukawa mnene. Nukta akawa mwalimu wa mtaa, akieleza kibarazani: mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali; asipopatikana, wawili wa juu wanarudi kupigiwa kura tena ndani ya siku thelathini. Katika wale saba, wawili ndio walikuwa na watu. Mmoja alikuwa makamu wa rais aliyekuwa anamaliza muda, mzee wa maneno machache. Wa pili watu walimbandika jina la Fagio, maana kila jukwaa alilipanda na ufagio mkononi, akaunyanyua juu na kupiga kelele: "Hakuna kubebana!" Na umati unaitikia: "Hakuna!"

Hakuna kubebana. Ungedhani mtu huyu alikuwa amesoma kilichoandikwa moyoni mwa Nukta. Kazi kwa anayestahili, cheo kwa anayestahili, vimemo mwisho, simu za mjomba mwisho. Nukta alimsikiliza huku anatikisa kichwa kukubali.

"Huyo wako kasema jingine jana," fundi viatu akamwambia. "Kasema aliyefungwa amalize. Kasema yeye hasamehi mtu, huo msamaha ndio kubebana kwenyewe."

"Maneno ya jukwaani hayo, fundi. Akishaingia atakuta majalada mezani, atatia sahihi kama wenzake wote."

"Na asipotia?"

"Kwa nini asitie? Kifungu kipo."

Fundi akamtazama kwa jicho moja, lile jingine likiwa kwenye sindano. "Wewe si ndiye uliyenifundisha kwamba pale ni yeye na kalamu yake?"

Duru ya kwanza hakuna aliyefika nusu. Fagio alipata asilimia arobaini na nne, makamu thelathini na tisa. Duru ya pili Nukta aliamka mapema, akasimama kwenye foleni ya shule ya msingi, akaonyesha kitambulisho, akachovya kidole kwenye wino. Ndani ya kile kibanda cha kadibodi alikuwa na karatasi moja na picha mbili. Akaweka alama kwenye picha ya Fagio. Aliikunja vizuri, pembe kwa pembe.

Fagio alishinda kwa asilimia hamsini na moja na ushee. Makamu alikwenda mahakamani kupinga, majaji wakasikiliza siku kumi na nne wakatupilia mbali, na Fagio akaapa uwanjani mbele ya jaji mkuu, mkono juu, kwamba atailinda katiba. Kura moja haikuleta tofauti yoyote, na Nukta, anayejua hesabu, anajua hivyo. Haimsaidii.

Mwezi wa kumi na mmoja ukarudi. Safari hii orodha ya gereza la mbali ilipigwa chapa na ofisi nyingine kama alivyoomba, na mdogo wake alikuwa namba mbili. Nyumbani mama alikuwa hatoki tena kitandani, shuka za chumba cha tatu alimwelekeza Nukta kuzibadilisha, akimpigia kelele kupitia ukutani, "Pembe! Kaza pembe!" Barua ya Ikulu ilifika wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili, na aliyeifungua alikuwa Nukta, kwa kuwa barua zote zilianzia mezani kwake. Mistari minne. Mheshimiwa Rais ameamua kutotumia uwezo wake wa msamaha kwa mwaka huu. Orodha zote zinarudishwa.

Alikwenda mpaka kwa mwanasheria wa ofisi, kijana mwerevu aliyependa kuulizwa.

"Hakuna namna ya kumlazimisha? Bunge? Mahakama?"

"Hakuna, mama. Katiba inampa uwezo, haimpi wajibu. Mahakama itamlazimishaje mtu kusamehe?" Akacheka kidogo. Alikuwa hajui anazungumza na nani.

Mama ndiye aliyetaka barua iandikwe. Alikaa ameegemea mito, akisema sentensi na kupumua, akisema na kupumua, na Nukta akiandika kwa mashine ya chapa: Mheshimiwa Rais, mimi ni mwanamke mgonjwa. Mwenzako aliyekutangulia alilifuta jina la mwanangu, sijui kwa nini. Mwanangu alikosa na alikiri. Sina muda mwingi. Nakuomba nimwone anaingia mlangoni.

Akafika pale pa "alilifuta jina la mwanangu" na vidole vyake vikasita. Kisha akaandika. Mwanamke aliyerudisha barua kwa kukosa nukta aliandika uongo ule mzimamzima, akautoa kwenye mashine, akampa mama yake atie dole gumba.

"Umehangaika sana mwanangu," bibi akamwambia, akimfuta wino uliomrukia kwenye kifundo cha mkono. "Mdogo wako akirudi nitamwambia. Nitamwambia dada yako hakulala kwa ajili yako."

Nukta alikwenda bafuni, akafungulia bomba, akalia mpaka ndoo ikafurika.

Majibu hayakuja. Mama alitaka waandike tena. "Ikulu haiandikiwi barua ya ukumbusho kwa mambo ya msamaha," Nukta akamweleza, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo taratibu. Ombi likishafika limefika. Anayeomba hukaa akangoja.

Bibi alifariki mwezi wa nne, asubuhi, mlango wa mbele ukiwa wazi kwa sababu alikataa ufungwe. Nukta aliomba kijana aruhusiwe kuja kuzika chini ya ulinzi. Ruhusa ilichelewa kwenye meza za watu, na ilipotoka kaburi lilikuwa limeshafukiwa siku mbili. Fagio hakusamehe mtu mwaka ule, wala uliofuata. Akawa maarufu kwa hilo. Watu wengi walimpigia makofi, na si kwamba walikuwa wabaya; hawakuwa na mtu ndani.

Kijana akamaliza miaka yake saba yote. Nukta alimfuata getini na shati jipya, akamkuta amekonda, mvi zimeanza kandokando ya masikio. Ndani ya basi hawakuzungumza sana. Walipofika nyumbani kijana alisimama mlangoni, akavua viatu, akaingia. Hakukuwa na mtu wa kumwona akiingia. Akapita mpaka chumba cha tatu, akagusa kitanda.

"Shuka zimebadilishwa," akasema.

"Leo Jumamosi."

Akakaa pembeni ya kitanda, Nukta akabaki kwenye kizingiti. Kijana alianza kueleza mwenyewe, taratibu, kama mtu anayefungua mzigo uliofungwa zamani.

"Siku ile walituita uani, dada. Watu arobaini na wawili. Mimi nilikuwa nimeshagawa blanketi langu, sabuni, na kitabu cha kufundishia. Mkuu wa gereza akasoma majina. Alipofika arobaini akaruka, akasoma la mwisho. Nikafikiri kakosea. Nikamwambia, afande, umeniruka. Akaangalia karatasi, akaniambia, nenda kadai blanketi lako." Akatabasamu kidogo. "Yule aliyelichukua hakutaka kurudisha."

Nukta akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja.

"Nilimchukia yule rais wa zamani, we acha tu. Nilikuwa naamka naye, nalala naye. Nilijiuliza, aliona nini kwenye jina langu? Mama alipokufa ikawa zaidi. Halafu siku moja nikachoka. Nikasema, huyu mtu ana nchi nzima kichwani, karatasi mia mbele yake, pengine hata hakuona, pengine mkono ulichoka. Nikamsamehe. Nilimsamehe kwa sauti, usiku wenzangu wamelala, nikatamka jina lake kamili na vyeo vyake vyote. Ilinichukua miaka miwili, lakini nilimsamehe. Nikaanza kulala."

"Si yeye," Nukta akasema.

"Si yeye nini?"

"Hakulifuta yeye. Halikumfikia. Nililitoa mimi." Alisema yote: kiti, boksi, saa nane mchana, karatasi, sahihi. Alisema alivyotembea wima kurudi nyumbani. Alisema barua ya mama na uongo uliokuwa ndani yake. La kura hakulisema, hilo amebaki nalo mpaka leo. Alipomaliza alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Jirani aliwasha redio, akaizima. Kijana akalainisha shuka kwa kiganja, kutoka katikati kwenda pembeni.

"Rais nilishammaliza, dada," akasema hatimaye. "Sasa wewe ndiyo kwanza naanza."

Wanaishi nyumba moja mpaka leo. Kijana alipata kazi kwenye gereji, anatengeneza breki, hafanyi kingine, na hakuna gari linalotoka mkononi mwake bila kulijaribu mara tatu. Anamsalimia dada yake kila asubuhi, anamletea dawa zake, mvua ikinyesha anakwenda kumpokea na mwavuli. Ni mtu mzuri, hata fundi viatu anasema. Neno lile tu ndilo hajalitamka. Nukta anakaa kibarazani, pale pale kilipokuwa kiti cha mama, na kila pikipiki inapokata kona ananyanyua shingo kutazama kama ni yeye anarudi kutoka kazini. Sheria anaijua, ameipiga chapa miaka ishirini na tisa: mwenye uwezo wa kusamehe anaweza, halazimiki, na hakuna mahakama utakayompeleka. Mwezi uliopita ulitimia mwaka wa tano tangu Jumamosi ile. Nukta hajamkumbusha.